Tafuta Kwanza Tundu

Mti wa kwanza kupigwa ulikuwa kombokombo, nao ukatoa mlio wa ngoma iliyolegea. Wa pili ulikuwa kombokombo mwingine, hatua tatu nyuma ya ule wa kwanza. Wa tatu haukujulikana. Kisahani kiligonga kitu ndani ya majani, kikarudi nyuma kama mbuzi aliyefukuzwa shambani, kikatua karibu na miguu ya aliyekirusha. Watoto waliokaa juu ya gogo hawakucheka papo hapo. Walimsubiri mgeni acheke yeye kwanza, kisha wakaangua kicheko chote walichokuwa wamekibana.

Mitupo mitatu, mita kama kumi na tano. Hivyo ndivyo mwandishi wa makala haya alivyoanza kucheza gofu ya visahani ng'ambo ya Kindu, mji wa Maniema huko Kongo, katika kipande cha msitu kilicho nyuma ya mashamba ya muhogo ya Alunguli.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Ni gofu, ila badala ya fimbo na mpira mdogo mchezaji ana kisahani cha plastiki chenye upana wa sentimita 21 hivi na uzito wa gramu 170 na kitu. Badala ya shimo ardhini kuna kikapu cha chuma kwenye nguzo, na juu yake inaning'inia minyororo ya kukikamata kisahani kinapofika. Hata hivyo wachezaji wanaendelea kukiita kikapu hicho shimo. Unarusha, unakifuata kisahani kilipoangukia, unarusha tena kutoka papo hapo. Anayemaliza mashimo yote kwa mitupo michache ndiye mshindi. Mti ukiukuta njiani, hiyo ni shauri yako. Huruhusiwi kuvunja hata kijitawi ili upate nafasi.

Aliyeupa mchezo huu sura yake ya leo ni Mmarekani Ed Headrick, mfanyakazi wa kampuni ya Wham-O ya California. Hataza yake ya kisahani kilichoboreshwa ilitolewa mwaka 1967. Mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, huko La Cañada Flintridge, na mwaka 1976 akaanzisha chama cha wachezaji, PDGA. Vikapu vya minyororo vilikuja baadaye kidogo. Kabla yake watu walilenga nguzo, miti, mapipa ya taka, chochote kilichosimama wima. Headrick alifariki mwaka 2002, na kwa wosia wake majivu ya mwili wake yalichanganywa na plastiki yakafinyangwa visahani. Alitaka aendelee kuruka. Leo viwanja vimepita 15000 duniani, na vingi kati ya hivyo viko Marekani na Finland, ambako mara nyingi mtu anaingia bustanini akiwa na visahani vyake na kucheza bila kulipa hata senti.

Visahani vinne vilivyofika Alunguli vilitoka Kentucky. Rafiki wa mwandishi, Mbembe wa Fizi, alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Kisha akahamishiwa Louisville pamoja na mkewe na watoto. Kentucky imepokea Wakongo wengi, na ukiwa na Kiswahili chako hukosi wa kusalimiana naye sokoni. Huko kazini wenzake wakamchukua Jumamosi moja hadi Idlewild, uwanja wa Burlington, kaskazini mwa jimbo hilo, unaosifika miongoni mwa wachezaji kwa msitu wake na kwa idadi ya watu waliotoka humo wakiwa wameinamisha vichwa. Alirudi nyumbani amelewa na mchezo. Ndugu mmoja alipokuwa anasafiri kuja Tanzania, rafiki huyo akampa visahani vinne na ujumbe wa simu: «Wewe unapenda misitu. Jaribu hivi kwenye msitu wa kweli, si huu wa kwetu unaopukutisha majani kila mwaka.»

Mwandishi alikuwa na safari ya Kindu kwa sababu nyingine kabisa. Alikwenda kuitazama reli.

Mtu wa Kigoma ana udugu na reli ya Kindu hata kama hajui. Mwaka 1902 kampuni iliyoitwa CFL iliundwa chini ya tajiri wa Ubelgiji, Édouard Empain, ili kuunganisha vipande vya mto vinavyopitika kwa meli na vipande vya reli vinavyozunguka maporomoko. Kipande cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kilikamilika mwishoni mwa 1910, na mji ukabeba jina la tajiri huyo kwa miaka mingi: Kindu-Port-Empain. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mwaka 1915 reli ya Wabelgiji ilifika ng'ambo ya ziwa, mahali panapoitwa leo Kalemie. Upana wa njia ulikuwa mmoja pande zote mbili, mita moja kamili, mpaka Wabelgiji walipoupanua wao mwaka 1955. Kwa miaka arobaini magurudumu ya behewa la Kigoma yangeingia kwenye reli ya Kindu bila kubadilishwa.

Mji wenyewe una kingo mbili. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi pamoja na stesheni na ofisi za mkoa, na Alunguli iko peke yake mashariki. Katikati unapita Mto Kongo, ambao huku juu wengi bado wanauita Lualaba, mpana, wa rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Daraja hakuna. Unavuka kwa feri au kwa mtumbwi, na mtumbwi haungoji ratiba: ukijaa, unaondoka. Mwandishi alivuka asubuhi akiwa ameketi kati ya mama mwenye beseni la samaki na baiskeli iliyolazwa ubavu, begi la visahani likiwa magotini, na kabla hawajafika katikati ya mto abiria wote walikuwa wamekwisha kuvishika vile visahani mmoja mmoja.

«Papa, iyi sahani banakuliaka mo nini?» kijana mmoja aliuliza.

Mgeni akajibu kwa Kiswahili cha Kigoma, akaeleza kwamba si sahani ya kulia, ni chombo cha mchezo, kinarushwa. Mtumbwi mzima ukasikiliza kwa makini, kisha mama wa samaki akasema, bila ubaya wowote, kwamba papa huyu anasema Kiswahili bora. Huku Kongo hiyo ni sifa na ni utani kwa wakati mmoja. Maana yake: tunakuelewa, lakini unaongea kama redio.

Alunguli huingii msituni na vitu vya ajabu bila kupita kwa kapita, yaani mkuu wa kijiji. Mgeni alipelekwa kwake akiwa na kilo ya sukari na salamu nyingi. Mzee alikipokea kisahani cha rangi ya chungwa, akakigeuza, akakichungulia chini, akakigonga kwa kucha.

«Haiko na kamera mo?»

«Hapana, mzee. Ni plastiki tupu.»

«Na inarukaka?»

«Inaruka, mzee, mtu akijua kuirusha.»

«We unajua?»

Swali hilo lilijibiwa baadaye na miti. Kwa wakati ule kapita alitaka kufahamu jambo moja tu zaidi: kila timu ina watu wangapi? Aliposikia kwamba hakuna timu, kila mtu anapambana na hesabu yake mwenyewe, alionekana kuusikitikia mchezo. Kindu ni mji wa mpira. Klabu yake, Maniema Union, iliundwa mwaka 2005, na katika msimu wa 2024–25 ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikapangwa pamoja na Mamelodi Sundowns na Raja Casablanca. Ukiwaambia watu wa mji kama huo kwamba kuna mchezo wa mtu mmoja mmoja, usio na kipa, ujiandae kueleza. Kapita aliruhusu kwa masharti matatu: muhogo wa watu usikanyagwe, michikichi isikatwe, watoto warudi kabla ya giza.

Kiongozi wa msafara akawa kijana mwendesha pikipiki ambaye siku hiyo pikipiki yake ilikuwa kwa fundi. Zamani, kabla ya pikipiki, alikuwa mtu wa toleka, baiskeli za abiria na mizigo ambazo jina lake limetoka kwenye Kilingala na maana yake ni «tupite». Alikuja na panga. Akaambiwa panga halihitajiki, kanuni zinakataza kukata chochote. Akasimama akautazama msitu, akamtazama mgeni.

«Sasa njia itatoka wapi?»

Ni swali la haki. Viwanja vya Ulaya na Marekani vinaitwa vya msituni, lakini mtu ameshapita na msumeno wa mashine akafungua ushoroba kwa kila shimo. Mchezaji anakuta mlango umeachwa wazi, hata kama ni mwembamba. Hapa hakuna aliyefungua kitu. Waliafikiana kutumia njia zilizokuwepo: ya kwenda mtoni, ya kwenda mashambani, ya wakwezi wa michikichi, na moja isiyokuwa na kazi tena ambayo ilikuwa inakufa taratibu.

Mashimo yakawa tisa. Shimo la kwanza lilikuwa shina la kombokombo lililofungwa pete ya jani la mchikichi. La tatu kisiki. La nne kitunga kilichotoboka, alichokitoa mama mmoja baada ya kuhakikishiwa mara mbili kwamba atarudishiwa. La tano tairi la baiskeli lililotundikwa tawini ng'ambo ya kijito. La saba lilikuwa mwanya kati ya mizizi ya mti mkubwa ambao jina lake lilizua ubishi kati ya watu watatu, na ubishi haukumalizika. Umbali ulipimwa kwa hatua za kijana wa pikipiki: 60, 45, 70, na kadhalika. Ed Headrick angeutambua uwanja huo. Ni mchezo ule wa kabla ya minyororo.

Kwa mtu asiyeujua msitu huu, inafaa kusema kidogo kuhusu kombokombo, maana ndiye aliyekuwa adui mkuu. Ni mti wa kwanza kurudi shamba likishaachwa. Mkulima anakata, anachoma, anapanda muhogo na mpunga misimu michache, anahama, na kombokombo anaota kwa fujo, mwembamba, mrefu, akifungua majani yake kama mwavuli juu. Mbao zake ni nyepesi. Anaishi miaka michache tu kwa kulinganisha na miti mingine, kisha anaipisha. Kwa hiyo kichaka cha aina hii hakifanani na msitu mzee wenye nafasi chini ya kivuli. Ni umati wa vijana warefu waliosimama bega kwa bega. Halafu kuna ile mizizi yake inayoshuka kutoka kwenye shina kama miguu ya jukwaa, na kisahani kikiingia humo kinakaa kama barua ndani ya sanduku. Na majani yake makavu, makubwa kuliko sinia, yamelala chini kila mahali. Kisahani cheupe kikitua katikati yake, unakipita mara nne.

Rafiki wa Kentucky alisema kweli kuhusu kupukutisha. Wachezaji wa huko wana miezi ya baridi ambapo majani yote yako chini na msitu unaonekana hadi upande wa pili. Kindu iko kusini kidogo tu mwa Ikweta. Miti hubadilisha majani kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna siku hata moja katika mwaka ambayo msitu huu unakuwa uchi.

Sasa, kwa nini kisahani hakitii? Ukikirusha kwa mkono wa kulia, mkono ukitokea kifuani kwenda nje, kinazunguka kama mishale ya saa. Kikiwa na kasi kubwa kinaelekea kulala upande wa kulia. Kasi ikipungua kinageuka na kumalizia kushoto. Watengenezaji wanachonga ukingo kulingana na tabia hiyo. Vyenye ukingo mkali kama kisu vinakwenda mbali lakini vinadai nguvu na anga pana. Vyenye ukingo butu vinakwenda polepole na kunyooka. Mwandishi alikuwa na viwili vikali, kimoja cha chungwa na kimoja cha kijani kibichi, kimoja cha kati cheupe, na kimoja butu cha bluu. Kosa lake lilikuwa la kila mgeni: alianza na vikali. Alirusha kama mtu aliye uwanjani, na kile kipindo cha mwisho cha kwenda kushoto, ambacho uwanjani ni urembo, msituni kikawa njia ya uhakika ya kufikia kombokombo wa pembeni.

Kufikia shimo la tatu alikuwa ameshatumia mitupo 23.

Kijana wa pikipiki, aliyekuwa ametazama yote hayo akiwa ameegemea panga lake lisilo na kazi, alisogea. «Usitupe na nguvu, papa,» alisema. «Tafuta kwanza tundu.»

Akaeleza, huku akionyesha kwa kidole. Ukisukuma toleka yenye mzigo kwenye njia ya msituni, hutazami mti, unatazama tundu lililo kati ya miti. Ukitazama mti, utaugonga. Na hutazami tundu la karibu tu, kwa kuwa baada yake kuna jingine, na mzigo haupindi haraka kama macho. Alichukua kile cha bluu, kibutu, akachuchumaa ili aone chini ya matawi, akaegama, akakirusha kwa kimo cha kiuno. Kilipita katikati ya mashina mawili, kikagusa ardhi, kikateleza juu ya majani hadi hatua nne kutoka kwenye kisiki. Alikuwa hajawahi kushika kisahani kabla ya asubuhi hiyo. Alikuwa amesukuma baiskeli kwa miaka sita.

Hapa msitu huu una historia yake na vitu vipana vinavyojaribu kupita penye njia nyembamba. Tarehe 5 Novemba 1876 Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe, kusini mwa Kindu kwenye mto huohuo, akiwa na Tippu Tip aliyekubali kumsindikiza safari za siku 60 kwa dola 5000. Siku chache ndani ya miti zilitosha Tippu Tip kutaka kuuvunja mkataba. Hakuwa mtu mwoga wala mgeni wa Maniema. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetembea zaidi ya wengi wa zama zake. Lakini msitu ule ulimshinda uvumilivu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amegeuka nyuma. Walioteseka kuliko wote walikuwa wapagazi wa mashua ya Stanley, Lady Alice, iliyobebwa kwa vipande. Njia inayomtosha mtu haitoshi ubao wa mashua. Wenzao wakishapiga kambi, wao walikuwa bado nyuma wanafyeka. Mwandishi alilikumbuka hilo kwenye shimo la tano akiwa na kisahani cha sentimita 21, akaona aibu kulalamika.

Shimo la tano ndilo lililoleta sheria. Kisahani cha chungwa kilipanda juu kuliko kilivyotakiwa, kikaingia kwenye kichwa cha mchikichi, kikakaa kati ya vikonyo vya majani. Gofu ya visahani ina kanuni ya mita mbili: mwenye mashindano akiitangaza, kisahani kilichokwama juu ya kimo hicho kinamwongezea mchezaji mtupo mmoja wa adhabu. Mwandishi alikuwa ameitangaza mwenyewe asubuhi, kwa mbwembwe, hata fimbo ya kupimia akakata. Haikuhitajika. Mchikichi ule ulikuwa na mita nane. Akaitwa mkwezi aliyekuwa akifanya kazi karibu. Akaja na mkanda wake wa kupandia, akauzungusha shinani na kiunoni, akapanda kwa mtindo ule wa kuegemea nyuma na kupiga hatua, akafika juu, akakitazama kisahani kwa muda, akakirusha chini. Kilipita juu ya kijito, kikaligonga tairi.

Watoto walishangilia. Mkwezi alipoteremka aliuliza kama mtupo wake unahesabiwa. Kulikuwa na mjadala. Iliamuliwa, kwa kura, kwamba umehesabiwa, lakini ni wake yeye, si wa mgeni.

Mchezaji bora wa siku hata hivyo alikuwa binti wa darasa la sita aliyekuja kuchota maji kijitoni akasahau ndoo. Yeye hakurusha kutoka kifuani kama alivyoelekezwa. Alirusha kwa pembeni, kiganja kikitazama juu, kiwiko kikiwa karibu na mbavu, vile watoto wa mtoni wanavyorusha jiwe bapa liruke juu ya maji. Wachezaji wa kulipwa nao wana mtupo huo, na hakuna anayeingia uwanja wa msituni bila kuumiliki, kwa sababu unakizungusha kisahani kinyume: kinamalizia kulia badala ya kushoto. Mashimo matatu kati ya tisa yalipinda kulia. Mwandishi alikuwa ametumia saa nzima asubuhi kuyapanga, asigundue kwamba ameyapanga dhidi yake mwenyewe.

Kuna mambo yasiyoandikwa katika kanuni za PDGA. Upupu, kwa mfano. Ukiingia kichakani kufuata kisahani bila kutazama maganda yale yenye manyoya yaliyoning'inia, utajikuna mpaka usiku, na maji yanazidisha. Siafu pia. Kwenye shimo la sita msururu wao ulikuwa unavuka njia papo hapo palipotua kisahani, na kanuni inasema mguu uwekwe nyuma tu ya kilipotua. Kijana wa pikipiki alishauri wangoje wapite. Wakangoja. Walikula ndizi na kuzungumza juu ya lesula, kima mwenye uso kama wa mzee aliyekatishwa usingizi, ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2012 kutoka misitu ya Lomami, magharibi mwa hapa, na ambaye wawindaji walikuwa wakimjua kwa jina muda wote huo. Sehemu ya eneo lake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Lomami mwaka 2016. Siafu walichukua dakika ishirini na tano.

Kile cha kijani kibichi kilipotea shimo la saba. Kila mtu alikiona kikiondoka, kikapita tundu la kwanza vizuri, la pili vizuri, kikainama kushoto, kikaingia kwenye majani mapana yale wanayofungia chikwanga za muhogo. Watu kumi na mmoja walitafuta. Waliinua kila jani. Walipata kandambili ya mguu mmoja, chupa ya zamani, na yai la ndege ambalo walilirudisha. Ni kosa la aliyechagua rangi, na aliyechagua rangi alikuwa Kentucky, akifikiria nyasi za bustani zilizokatwa.

Mchezo wa pili ulichezwa alasiri, na mwandishi akatumia kile kibutu cha bluu tu toka mwanzo hadi mwisho. Alirusha chini, kwa nguvu nusu, akichuchumaa kabla ya kila mtupo kama alivyofundishwa. Ni mchezo mwingine kabisa. Huoni tena kisahani kikipaa, unakiona kikipita. Hatua ishirini zinakuwa ushindi, na ukizipata mara tatu mfululizo umefika. Mtu aliyezoea kusifiwa kwa kurusha mbali atauona kuwa wa kibahili, na katika msitu wa namna hii atashindwa na mtoto wa darasa la sita.

Matokeo yaliandikwa kwa mkaa kwenye ubavu wa ndoo ya binti yule. Raundi ya kwanza: mwandishi 58, kijana wa pikipiki 49, binti 44. Raundi ya pili: mwandishi 50, kijana 46, binti 41. Mkwezi alibaki na mtupo wake mmoja na hakutaka kuongeza, akisema hesabu yake ni nzuri hivyo hivyo. Kitunga kilirudishwa kwa mwenyewe. Kikapu cha chuma chenye minyororo kinauzwa dola mia kadhaa, na tairi la baiskeli lilipatikana bure. Wakati mtumbwi wa mwisho unaondoka kwenda upande wa Kasuku, tairi lilikuwa bado tawini, na visahani vitatu vilikuwa vimekabidhiwa kwa kapita, ambaye alivitundika ukutani barazani kwake ili vijana wavikute hapo wanapovitaka.

Msomaji mwenye safari ya Kindu na nafasi kidogo begini, chukua kisahani kimoja, kibutu, cha rangi ya chungwa au ya waridi. Vuka hadi Alunguli, mpitie kapita kwanza. Cha kijani bado kiko karibu na shimo la saba, upande wa kushoto.